Risasi ya Mbali Niliyoipeleka Walikale

Kila Jumapili tukitoka misa mnaniuliza, hasa wewe Mwalimu Yosefu na wewe Fidele wa kamyo: safari ya Walikale ilikuwaje, mbona bunduki haionekani tena begani mwangu, na mbona mtu niliyekuwa siishi kusema nimerudi na maneno ya kuhesabu. Nimewajibu kwamba tulifika, tukapiga, tukarudi. Hayo ni ya kweli, lakini ni kweli ya mtu anayeficha kitu. Sasa nimeamua kuandika. Nikisimulia kwa mdomo mtacheka mahali pa kuchekesha, nami nitacheka pamoja nanyi, kisha nitaparuka pale pasipochekesha kama ninavyofanya siku zote. Kwenye karatasi siwaoni mkicheka.

Bihambwe, mezani kwangu

Mnakumbuka ujumbe ulivyokuja. Ulitoka kwa Kubuya, yule mtu wa Walikale niliyefanya naye kazi miaka mingi kwa mzungu wa ng'ombe kule Mushaki, mimi nikipiga nyama na yeye akifuata nyayo. Mzungu alipoondoka, mimi nilibaki na bunduki zake mbili, Kubuya akarudi kwao msituni. Sasa alikuwa anaomba msaada. Mbogo dume mzee, anayetembea peke yake, alikuwa amekalia maji ambamo akina mama wa kijiji hulowekea mihogo. Alikwisha kuua mbwa wawili. Akina mama walikuwa wakizunguka nusu siku kwenda kuloweka kwenye kijito kingine, na unga ulikuwa haba katika kila nyumba. Bunduki yao ya kushindilia haikuwa na baruti tangu mwaka wa uhuru.

Ruhusa niliyopata ilikuwa ya bunduki moja, kwa hiyo ilinibidi kuchagua. Niliziweka zote mbili mezani, na risasi zake mbele yake, nanyi mkaja kunishauri na chupa ya pombe ya kasiksi. Zote zilikuwa magnum, za baruti nyingi. Ya kwanza ilikuwa ile ya mia tatu sabini na tano: kichwa cha risasi kina gramu kumi na tisa, butu mbele, kinakwenda polepole kidogo, lakini kikishaingia hakigeuzwi na mfupa. Ya pili ilikuwa ya mia tatu: kichwa cha gramu kumi na mbili, kimechongoka, ganda lake limejaa baruti, na kasi yake ni ya kutisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa na darubini. Ukiipanga vizuri, kwa mita mia tatu inashuka shubiri moja tu.

Mwalimu alipiga hesabu nyuma ya daftari la mtihani. Akatuonyesha kwamba kasi inahesabiwa mara mbili na uzito mara moja, kwa hiyo nyepesi yenye mbio inaishinda nzito. Fidele akasema yeye hajui daftari, ila kamyo ikikugonga, hata ikienda polepole, utakufa. Mkabishana mpaka chupa ikaisha. Mimi ndiye niliyefunga mjadala. Niliwakumbusha mbogo niliyemwangusha Mushaki ng'ambo ya bonde kwa hiyo hiyo ya mia tatu. Mkapiga makofi, nikaifunga kwenye gunia.

Sasa niseme nililowaficha. Ile ya Mushaki iliingia shingoni kwa bahati. Mimi nilikuwa nimelenga bega. Tena, mwaka mmoja kabla, nikiwa na bunduki nzito kwenye mianzi, mbogo alitokea hatua saba mbele yangu. Sikupiga. Nilijitupa kwenye mfereji wa maji na kulala kifudifudi, bunduki imejaa, mpaka Kubuya alipompotosha kwa kelele. Tangu siku hiyo nikaupenda umbali. Majedwali ya risasi aliyoyaacha mzungu niliyasoma kama padri anavyosoma kitabu chake, nikitafuta risasi itakayoniweka mbali zaidi na mnyama. Nilichagua kwa woga kwanza, hesabu nikazitafuta baadaye.

Na kuna sehemu ya ujumbe wa Kubuya ambayo sikuwasomea. Alisema nilete ile kubwa, kwa sababu kwao watu hawaoni mbali.

Bihambwe hadi Masisi, pamoja na kabichi

Fidele, wewe ulikuwa Goma siku hiyo, kwa hiyo nilipanda kamyo ya mtu mwingine, iliyobeba kabichi na maharage. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na njia ile mnaijua. Tulikwama mara ya kwanza kabla sijamaliza kuwapungia mkono. Mara ya tatu gurudumu la nyuma lilizama nusu yake. Shofere alizima mota, akashuka, akalitazama tope kwa muda, akaenda kulala katika kibanda cha wachunga ng'ombe. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo Mkristo hayasemi akiwa njiani.

Aliyetuokoa ni mama mwenye kabichi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Alitupanga abiria wote nyuma ya kamyo.

"Banaume, mukuje," akasema. "Mwenye kusukuma muzuri atakula kabichi na viazi. Mwenye kusukuma mubaya atakula majani ya inje."

"Na mwenye bunduki?" mmoja akauliza, akinitazama mimi.

"Bunduki haisukume kamyo. Aiweke chini."

Nilisukuma siku mbili. Nilikula kabichi na viazi asubuhi na jioni, na siagi ya wachungaji juu yake, na sijui kama nimewahi kula vizuri hivyo mezani. Mama yule aliniuliza ninakwenda kupiga nini na kutoka wapi. Nilimwambia ni mbogo, kutoka mita mia tatu, kama kutoka pale hadi kwenye kile kichaka upande wa pili. Alikitazama kichaka, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ukiipiga kule, utajuaje kama imekufa ao imekasirika tu?"

"Nitaona ndani ya darubini, mama."

"Wewe peke yako njo utaona," akasema, akageukia sufuria yake. Nikamwona mwanamke asiyejua bunduki.

Nyabiondo, waliodhani napima mashamba

Kutoka Masisi nilipata nafasi hadi Nyabiondo, na hapo nikangoja siku nzima gari la Kashebere. Kwa kuwa sikuwa na kazi, niliitoa darubini kwenye bunduki, nikakaa juu ya kichuguu na kuanza kutazama vilima vya upande wa pili. Niliona mbuzi, nikaona moshi, nikaona mashamba ya maharage yaliyopandwa mpaka kileleni.

Mara nikaona kwamba njaa imenishika na hakuna anayeniuzia kitu. Akina mama wa ndizi walikuwa wamefunika vikapu. Wanaume walikuwa wamesimama kando ya njia wakinitazama bila kunisalimu. Mwishowe alikuja papa mmoja, mzee mwenye jembe begani.

"Papa, munapima ya nani?"

"Sipimi, papa. Ninaangalia tu."

"Bale ba mbele nabo balisema banaangalia tu," akasema. "Kisha bakaleta waya."

Nilielewa ni waya gani, ule wa kuzungushia ardhi ya watu, na nikaona haya. Nilimpa darubini mkononi aangalie mwenyewe. Aliishika kwa mashaka, akaiweka jichoni, akatafuta shamba lake ng'ambo. Kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Ni Mama Furaha ule," akasema. "Amekaa. Asubuhi aliniambia mugongo yake inavunjika na kulima."

Basi mchana wote ule darubini ilizunguka Nyabiondo. Kila mtu alitaka kuona shamba lake na nani amekaa ndani yake. Jioni nililetewa bugali, maharage yenye mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na mboga ya lengalenga, na yule papa akala pamoja nami. Mama Furaha, mkewe, naye alikuja, akasema darubini hiyo nisirudi nayo tena. Nilicheka sana siku hiyo. Ndiyo siku ya mwisho ya safari ninayoikumbuka bila kukunja uso.

Kashebere, na njia ya miguu

Kashebere alinipokea Papa Daudi, katekista aliyeleta ujumbe, na kutoka hapo tulikwenda kwa miguu siku mbili. Sisi wa vilimani tumezoea kuona tunakokwenda kabla ya kufika. Kule, Papa Daudi alikuwa akinitangulia hatua kumi na tayari simwoni, nasikia tu panga lake likikata majani. Siku ya kwanza nilianguka mara nne. Tulikula shikwange, ule mkate wa mihogo uliofungwa kwa majani, na samaki mkavu tukiwa tumekaa juu ya mizizi, na siafu wakatuhamisha mara mbili.

Katika mapumziko hayo Papa Daudi aliomba kuona risasi. Niliweka moja kiganjani mwake. Aliigeuza, akagusa ncha yake kwa kidole.

"Hii kartushi ni ndogo, Papa Simeoni."

Nikamweleza habari yote ya kasi, kama Mwalimu alivyotueleza. Nilieleza vizuri, naweza kusema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini huku hakuna nafasi ya kukimbia hivyo."

Nilimuuliza kama hakuna kabisa mahali peupe karibu na yale maji. Akafikiri, akasema lipo shamba jipya juu ya kilima, limechomwa majuzi, na ukiwa pale maji ya mihogo unayaona chini, ng'ambo ya mto. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya shamba lile. Njia yote iliyobaki nilitembea nikiwa mwepesi.

Kwa Kubuya

Kubuya alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa amekonda, mvi zimeanza kichwani, lakini macho ni yale yale. Mkewe, Mama Vumilia, nilikuwa nikimfahamu kwa habari tu. Ni mwanamke mfupi, mwenye maneno, na sifa yake kijijini ni kubeba: kikapu anachobeba yeye kwa kamba ya kipaji cha uso, wanaume wawili husaidiana kukiinua. Alinizunguka akanipima kwa macho.

"Kubuya, ulisema rafiki yako ni mwindaji," akasema. "Huyu njo mwenye kula ile nyama."

Nilimwambia tumbo linasaidia bunduki isitikisike. Akacheka, akaniletea sombe ya majani ya mihogo na nusu ya kuku, akaomba radhi kwamba shikwange ni ndogo, maana unga ulikuwa wa kuazima. Niliona jinsi walivyokula wao, kidogo kidogo, wakiniachia mimi.

Baada ya chakula Kubuya alifungua gunia. Aliitazama bunduki, akafungua sanduku la risasi, akalifunga tena. Hakuuliza ile kubwa iko wapi. Aliniambia tu atanipitisha kwenye matete upande ambako upepo haumpelekei mnyama harufu yetu, tufike hatua arobaini, hata thelathini, na kwamba mkubwa wa wawindaji, Papa Musafiri, ataweka watu wenye mikuki nyuma yetu.

"Nitapiga kutoka shamba lililochomwa," nikasema.

"Kule iko mbali sana, kaka."

"Hii inafika."

Akanieleza desturi yao, kwa upole, kama mtu anavyomwonyesha mgeni mlango. "Huku kwetu, mwenye kutoa damu ya kwanza njo mwenye nyama. Hata bengine baiue, ni yake. Ikikimbia na damu, yeye njo anaingia mu matete wa kwanza, bengine nyuma. Na ikifanya mubaya kwa muntu mbele ya kufa, ule mubaya nayo ni yake. Anaisema na kinywa chake, bantu basikie. Ao anasema amekosa, basi, kila muntu anarudia kazi yake."

"Na akidanganya?"

Kubuya alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu kisicho na maana. "Adanganye kwa nini?" akasema.

Juu ya kilima

Kesho yake alasiri tulilala kwenye majivu ya shamba lile, mimi nimeegemeza bunduki juu ya gogo, Kubuya na Papa Musafiri nyuma yangu. Chini mto ulikuwa ukinguruma kwenye mawe. Ng'ambo yake kulikuwa na maji ya mihogo, na matete kila upande. Mbogo alitoka saa kumi. Alisimama matete yamefika tumboni, mwekundu mwenye weusi, akanywa. Nilikadiria mita mia tatu na kitu.

Nisisingizie risasi. Nililenga bega na ilikwenda begani. Bunduki iliruka, darubini ikarudi mahali pake, nami nikaona wazi: mguu wa mbele ulikunjika, mbogo akapiga goti, akainuka tena, akachechemea hatua mbili tatu na matete yakamfunika. Kichwa kile chepesi kilikuwa kimepasukia kwenye mfupa na hakikufika ndani. Nililijua hilo hapo hapo. Ile nzito ingepita.

Lakini niliyeona ni mimi peke yangu. Kwa macho matupu, kutoka kule juu, wao waliona mgongo mwekundu ukizama kwenye matete, basi. Na kishindo cha risasi kwenye nyama, ambacho mwindaji hukisikia, mto ulikimeza.

"Umeipata?" Kubuya akauliza.

Ndugu zangu, nimepima muda wa swali lile mara nyingi. Ulinitosha. Niliona matete, niliona jua linashuka, nilijiona natangulia mle ndani na mnyama aliyevunjika bega akiningoja hatua tatu mbele, na siku ya mfereji ikanirudia.

"Nimekosa," nikasema.

"Twende tuangalie damu, tuhakikishe."

"Hakuna damu. Niliona maji yakiruka nyuma yake. Amesikia mlio, hatarudi hapa."

Walinisadiki mara moja. Papa Musafiri hata alinipa pole, akasema umbali ule ni wa ndege, si wa watu. Tuliporudi kijijini akatangaza kwamba mgeni amekosa, ila mnyama amekimbizwa. Watu wakafurahi kiasi. Akina mama wakaanza kupanga nani atatangulia kesho majini. Usiku mvua ilinyesha, na kama palikuwa na damu mahali, ilioshwa.

Maji ya mihogo

Asubuhi nilikuwa bado kitandani niliposikia akina mama wakipita nyuma ya nyumba na vikapu vya mihogo. Mama Vumilia aligonga ukuta kwa ngumi.

"Kaka Simeoni, usiamuke," akasema. "Pumuzika. Leo tutalowesha, siku ya ine utakula shikwange yenye kushibisha."

Nilifungua mdomo. Nawaambia kweli, nilifungua. Kisha nikajiambia kwamba mbogo atakuwa amekwenda mbali, au amekufa usiku, na kama amekufa watamkuta, watashangilia, nami nitasema kumbe risasi ilimgusa. Nilijipangia hata sauti ya kushangaa nitakayotumia. Nyayo zao zikaisha. Nikajifunika blanketi.

Kelele zilikuja kabla umande haujakauka kwenye majani. Kubuya alikuwa wa kwanza kukimbia, mkuki mkononi, mbwa mbele yake. Mimi nilitafuta bunduki, nikatafuta risasi, nikatafuta viatu. Nilipofika yote yalikuwa yamekwisha. Mbogo alikuwa amelala kando ya njia, mkuki wa Kubuya ubavuni, na wanaume wengine wamesimama wakihema. Alikuwa amekaa pale pale kwenye matete usiku kucha, hatua chache kutoka majini. Hakuweza kwenda mbali.

Mama Vumilia alikuwa ametangulia wenzake kwa sababu kikapu chake ndicho kizito na hapendi kusimama nacho. Pembe ilimwingia pajani na kichwa cha mnyama kilimvunja nyonga. Mihogo ilikuwa imetawanyika njia nzima. Alikuwa hai, na alikuwa akimwambia Kubuya awaangalie wale wengine.

Swali

Walipomaliza kuchuna, Papa Musafiri aliwaita watu wote mahali pale, wanaume kwa wanawake. Nami nikaitwa. Nilisimama pembeni na bunduki yangu safi.

"Hii nyama ni ya nani?" akauliza.

Mkuki wa Kubuya kila mtu aliuona, lakini mkuki ulikuwa wa mwisho. Alichotaka ni damu ya kwanza. Nikasema moyoni: hawajui. Wataona mbogo amezeeka, amechechemea kwa ugonjwa, wataacha. Nilitazama chini.

"Hii nyama ni ya nani?"

Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa. Nilimwona Kubuya akisogea karibu na Papa Musafiri na kumwambia neno sikioni, kwa lugha yao. Mzee akaitikia kwa kichwa, akauliza mara ya tatu, taratibu, kwa Kiswahili kilekile ili na mgeni asikie.

"Hii nyama ni ya nani?"

Sikusema. Ulimi ulikuwapo, pumzi ilikuwapo.

"Ni yangu," akasema Kubuya. "Niliipiga na mukuki muchana, mbele kaka hajafika. Sikusema."

Hapo ndipo nilipojua uzito wa desturi niliyoelezwa nikiwa nimeshiba. Alileta maji, akamwosha mkewe majeraha kwa mikono yake mbele ya watu. Mkuki wake ulipandishwa darini, ukae huko mpaka mihogo itakayopandwa mwaka huu ikomae, yeye aliye mwindaji wao bora. Na kaka zake Mama Vumilia walipofika kutoka kijiji cha pili, alipiga magoti mbele yao, akaulizwa ni mwanamume gani anayejeruhi mnyama kisha anamwacha mke wake apite njia ile ile. Aliinamisha kichwa, akakubali kila neno. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Niliona na nikasikia.

Mwenye nyama iliyoumiza mtu haruhusiwi kuila, kwa hiyo Kubuya hakula. Mgeni alipewa paja. Mmeniuliza sana habari za chakula cha huko, basi na hiki kiandikwe: nililila.

Kurudi, na tipoyi

Tulimbeba Mama Vumilia kwenye tipoyi ya miti na kamba, watu wanne kwa zamu, siku tatu hadi Kashebere. Nilikataa kutoka kwenye zamu. Bega lilichunika, nikafurahi kwamba lilichunika, nikidhani hilo nalo linalipa kitu. Kwenye miteremko alikuwa akiuma kitenge asilie. Kwenye tambarare alirudia maneno yake.

"Kaka Simeoni, sasa njo unapunguka," aliniambia. "Kwako hawatakujua."

Usiku tulilala vijijini, watu wakatupa ndizi na uyoga bila kutuuliza mengi. Nilikuwa na siku tatu za kusema, njia nyembamba, hakuna wa kunikimbiza. Kila asubuhi niliazimia kusema mchana, na mchana nikaazimia kusema jioni. Kashebere tukapata kamyo, na Kubuya akakaa nyuma akiushika mguu wa mkewe usitikisike, njia yote hadi lopitali ya Masisi.

Mganga alimtazama kwa muda mrefu. Alisema mfupa utaunga lakini utaunga kwa upande. Atatembea na fimbo. Kubeba kikapu, hapana, asibebe tena. Mama Vumilia alimsikiliza, kisha akageukia ukuta. Ni mara ya kwanza kumwona bila maneno, na sikuweza kubaki chumbani.

Kubuya alinisindikiza hadi uwanjani, ambapo kamyo ya Bihambwe ilikuwa ikipakia. Alikuwa amebeba gunia langu. Nilijua kwamba nisiposema hapo sitasema tena, na hata hivyo nilisema nusu.

"Kubuya. Ile mbogo. Labda risasi yangu iliigusa kidogo."

Aliweka gunia ndani ya kamyo kwanza, akalisukuma mahali pazuri.

"Haikugusa kidogo," akasema. "Ilivunja bega. Benye kuchuna balitoa vipande tatu vya shaba mu nyama. Papa Musafiri alivishika mu mukono wake, njo akaita bantu."

"Mbele ya kuuliza?"

"Mbele ya kuuliza."

"Sasa kama alikuwa anajua, aliuliza kwa nini?"

"Shaba si kinywa, kaka. Kwetu muntu anajisemea yeye mwenyewe. Hakuna mwenye anaweza kumusemea."

Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo. Nikasema kitu kisicho na maana, kwamba nilidhani ni desturi tu ya huko, kuuliza vile mara tatu.

"Desturi ni mara moja," Kubuya akasema. "Banauliza mara moja, basi. Ile ya pili, muzee alikuongezea juu uko mugeni. Ya tatu, ni miye nilimuomba."

Shofere akawasha mota, akaita wa Bihambwe. Nikapanda.